Mfupa wa mzee una dawa

NABII Zakariya (A.S.), alipomwelekea Mola wake kwa siri akimwomba mrithi, alianza kwa kuieleza hali ya mwili wake. Msomaji wa Suratu Maryam anajua kwamba kitu cha kwanza alichokitaja si macho wala miguu, bali ni mfupa uliodhoofika, na baada ya mfupa ndipo akazitaja mvi za kichwani. Wafasiri wamelieleza jambo hili wakisema kwamba mfupa ndio nguzo ya mwili, nao ukidhoofika basi kila kilichosimama juu yake kimedhoofika pia. Nimeisomesha aya hiyo madrasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kufikiri kwamba ingekuja kunisuta ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Mwaka 2014 mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akiwa na umri wa miaka 71, aliteleza mahali pa kutawadhia, akajikinga kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. Hakuanguka kutoka juu ya ngazi wala hakugongwa na gari. Alikuwa amesimama tu juu ya sakafu yenye maji. Hospitalini tulikompeleka alipigwa picha, akafungwa plasta, tukaambiwa turudi baada ya wiki sita. Plasta ilipofunguliwa mkono ulikuwa umeunga vizuri, tukashukuru na kurejea nyumbani. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa wa mtu aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe umevunjika kama ukuni mkavu. Daktari hakuuliza, na mimi mwanawe niliyesoma sikuuliza. Jamaa walipokuja kumjulia hali niliwajibu kwa sauti ya mtu mwenye elimu kwamba huu ni uzee tu, na uzee hauna dawa.

Nilidhani ninayo hoja. Imepokewa na Usama bin Sharik (R.A.) kwamba mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) iwapo watafute dawa wanapougua, naye akawaamrisha watafute, akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake, isipokuwa ugonjwa mmoja nao ni ukongwe. Mimi niliushika mwisho wa hadithi nikauacha mwanzo wake. Niliuona mfupa uliovunjika nikauita ukongwe, kumbe kilichokuwa mbele yangu ni ugonjwa wenye jina, wenye kipimo na wenye dawa, nami nikaufungia mlango kwa maneno ya dini.

Mwaka 2016, akielekea chooni kabla ya alfajiri, mama alianguka tena. Safari hii ilivunjika shingo ya mfupa wa paja, pale nyongani. Tulimzika mwezi wa tano baada ya hapo. Ajali yake ni qadari ya Mwenyezi Mungu na hatuna la kusema juu yake, lakini uzembe wetu wa ile miaka miwili katikati ni jambo jingine, na ndio ulionipa sababu ya kuyaandika haya baada ya kuwauliza matabibu na kusoma nilichoweza kusoma.

Ndugu msomaji, mfupa si jiwe. Ni kitu kilicho hai, na ndani yake muna makundi mawili ya chembe hai ambayo kazi zao zinafanana na za mafundi katika nyumba kongwe: kundi moja linabomoa pale palipochakaa, na jingine linajenga upya. Katika ujana wajenzi wako mbele. Kufikia umri wa miaka 30 hivi mifupa huwa imefika kilele cha uimara wake, kisha polepole wabomoaji wanaanza kuwapita wajenzi. Kwa mwanamke jambo hili huja kwa kishindo zaidi, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua sana anapokoma hedhi, na katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Wanaume nao hawakusalimika. Hesabu inayotumiwa ulimwenguni ni kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu, na mwanamume mmoja kati ya watano, waliovuka miaka 50, watavunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu huu katika maisha yao yaliyobaki.

Maradhi haya matabibu huyaita osteoporosisi, na hayana uhusiano na yale maumivu ya magoti na viungo ambayo wazee wetu huyalalamikia kila msimu wa mvua. Baridi yabisi na kusagika kwa viungo huuma. Osteoporosisi haiumi. Mtu hukaa nayo miaka kumi akiwa hana habari, mpaka siku mfupa unapovunjika kwa sababu ndogo isiyostahiki kuuvunja. Wengine huvunjika pingili za uti wa mgongo bila hata kuanguka, kwa kuinua ndoo ya maji tu, wakadhani ni mgongo wa kawaida. Baadaye mzee huonekana amekuwa mfupi, kanzu iliyokuwa ikimfika vifundoni sasa inaburura chini, na mgongo umeingia kibiongo. Mtu aliyepungua kimo kwa sentimita nne au zaidi kuliko alivyokuwa ujanani anafaa apigwe picha ya mgongo.

Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1994 mpaka baina ya udhaifu wa kawaida wa umri na ugonjwa. Kuna mashine inayopima wingi wa madini katika mifupa ya nyonga na kiuno kwa mionzi hafifu, na majibu yake hulinganishwa na mifupa ya kijana mwenye afya. Aliyeshuka mpaka alama 2.5 chini ya hapo, au zaidi, huhesabiwa kuwa ni mgonjwa. Mashine hizi kwetu ni chache na nyingi ziko katika miji mikubwa. Lakini asiyeifikia asikate tamaa, kwani mzee aliyekwisha vunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa mwanguko mdogo, kuvunjika kwenyewe kunatosha kumthibitishia daktari ugonjwa huu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna sababu nyingine iliyojificha. Na mfupa mmoja ukishavunjika namna hiyo, hatari ya kuvunjika mwingine hupanda mara moja, hasa katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Mama yetu alikuwa ndani ya miaka hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye vitamini D, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoanzia na ndipo nyingi zinapokomea. Kijana aliye ng'ambo akisikia mama yake mifupa imelegea, hutuma kopo la vidonge vya vitamini D na kalsiamu, na nyumba nzima ikaona jambo limekwisha. Vitamini hii kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kuifyonza kalsiamu ya chakula. Ikikosekana, mtu atakunywa maziwa na kula dagaa, na sehemu kubwa ya madini hayo itampita bila kumfaa, na mwili utaichota kalsiamu unayoihitaji kutoka katika mifupa yenyewe.

Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na jua, nasi jua tunalo. Kwa nini basi mzee wetu aikose? Kwanza, ngozi ya mtu wa miaka 70 hutengeneza takriban robo tu ya ile ya kijana. Pili, ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Tatu, mzee anashinda ndani. Katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali kuliko letu na ambako wengi wetu tuna jamaa, upungufu wa vitamini D umeonekana kuwa ni jambo la kawaida, kwa kuwa watu hukimbilia vyumba vyenye viyoyozi na hutoka wakiwa wamejifunika. Na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huuzuia mwonzi unaohitajika.

Kuna dhana iliyoenea kwamba jua lenye faida hii ni lile la asubuhi mapema. Sivyo. Mwonzi unaotengeneza vitamini D ni mdogo sana jua likiwa chini. Kanuni nyepesi ni kutazama kivuli: kikiwa kirefu kuliko kimo chako, faida ni haba, kikiwa kifupi kuliko kimo, faida ipo. Sisi tuliofundishwa kuijua alasiri kwa urefu wa kivuli hatupaswi kupata taabu na kanuni hii. Kwetu karibu na Ikweta, muda huo ni tangu kama saa tatu asubuhi mpaka kukaribia alasiri. Mama anayejisitiri hahitaji kuivunja sitara yake; uani kwake, mbele ya maharimu zake, anaweza kukaa na mikono na miguu wazi kwa robo saa au zaidi kidogo, mara kadhaa kwa wiki, bila ya kujichoma. Asiyeweza, au aliyepimwa damu akaonekana amepungukiwa, ndiye wa kupewa vidonge. Kiwango kinachopendekezwa sana kwa aliyevuka miaka 70 ni yuniti 800 kwa siku, pamoja na kalsiamu ya miligramu 1,200 kwa jumla, chakula kikihesabiwa kwanza: maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na miba yao, uji wa ulezi. Wanaoshuku jelatini ya baadhi ya vidonge wamwulize mfamasia, kwani vipo vya unga ulioshindiliwa na vipo vya matone.

Je, vitamini D inazuia mfupa kuvunjika? Jibu linategemea ni nani anayepewa. Mwaka 1992 huko Ufaransa yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kina mama wakongwe 3,270 waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee, watu wasioliona jua na wanaokula kidogo. Waliopewa kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku walivunjika nyonga kwa idadi iliyopungua asilimia 43 kuliko wenzao katika mwaka mmoja na nusu. Lakini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, zaidi ya watu wazima 25,000 wenye afya ya kawaida, ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu, walifuatwa kwa takriban miaka mitano. Waliopewa yuniti 2,000 kila siku hawakuvunjika mifupa kwa idadi ndogo kuliko wasiopewa. Na Australia mwaka 2010 ilionekana kwamba kina mama wa miaka 70 na zaidi waliopewa dozi moja kubwa ya yuniti 500,000 kwa mwaka walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu. Wale wanaompa mzee dozi kubwa kwa mpigo ili kuokoa muda wayazingatie matokeo haya.

Kwa hiyo vitamini D humfaa aliyeikosa, nayo ni sharti la dawa kufanya kazi, lakini kwa mzee ambaye mifupa yake imekwisha kuingia katika ugonjwa, haitoshi peke yake. Ni sawa na kuleta mchanga na chokaa kwenye nyumba huku wabomoaji wakiendelea na nyundo zao.

Wa kuwazuia hao wabomoaji ni dawa zinazoitwa bisfosfoneti. Iliyo mashuhuri ni alendroneti, kidonge kilichoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa maradhi haya. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1996 kwa kina mama 2,027 waliokuwa wamekwisha vunjika pingili za mgongo, waliokitumia kwa miaka mitatu walivunjika nyonga kwa kiasi cha nusu ya wenzao. Msomaji atanihesabia mwenyewe: mama yetu alivunjika mkono miaka 19 baada ya dawa hii kuidhinishwa. Ipo pia asidi ya zoledroniki, ambayo hupitishwa kwenye mshipa kwa dripu mara moja tu kwa mwaka. Utafiti wa mwaka 2007 uliwachukua watu 2,127 waliotoka kutibiwa nyonga iliyovunjika, na waliopewa dawa hiyo si tu kwamba walivunjika mara chache zaidi, bali pia vifo baina yao vilipungua kwa asilimia 28. Niliposoma hesabu hiyo niliiweka karatasi chini, na siku ile sikuendelea kusoma.

Alendroneti ina adabu zake, na anayezikiuka ama haimfai ama humdhuru. Humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa, si maji ya matunda. Baada ya hapo mtu hukaa wima au hutembea kwa muda wa nusu saa, asilale wala asiiname, wala asile chochote. Ikigusana na chakula, hasa maziwa au kidonge cha kalsiamu, haifyonzwi. Ikirudi kooni, huunguza njia ya chakula. Dada yangu, ambaye ana miaka 61 na alipimwa akaonekana ameurithi udhaifu wa mama, aliiacha baada ya mwezi mmoja akisema, "Mdogo wangu, dawa hii inanichoma moyo." Tulipomwuliza vizuri, kumbe alikuwa akiimeza kwa mafunda mawili ya maji kisha akijinyoosha tena kitandani mpaka jua litoke. Alipoifuata kanuni, kiungulia kiliondoka. Amechagua siku ya Ijumaa kwa kuwa hiyo haisahau, na ile nusu saa ya kungoja chai huimaliza kwa nyiradi zake akiwa amekaa kitini. Mwenye ugonjwa wa koo la chakula, au asiyeweza kukaa wima, au mwenye figo zilizochoka, daktari atamtafutia njia nyingine.

Katika Ramadhani swali huja: ataimeza saa ngapi? Njia iliyo nyepesi ni aamke mapema zaidi usiku mmoja katika wiki, ameze dawa, angoje nusu saa, ndipo ale daku. Kwa kuwa asiiname katika muda huo, sala yake ya usiku aiweke baada yake au kabla yake. Ama sindano, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano za tiba, za ngozi, za misuli au za mshipa, hazifunguzi, isipokuwa maji ya lishe. Hata hivyo dripu ya mara moja kwa mwaka haina haja ya kubishaniwa. Mgonjwa anatakiwa awe amekunywa maji ya kutosha kabla yake ili figo zisidhurike, basi aiweke Shaaban au Shawwal, akapumzika.

Kuna khofu mbili zinazowatoa watu kwenye dawa hizi, nazo si za uongo. Ya kwanza ni kufa kwa mfupa wa taya, na ya pili ni mfupa wa paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida kwa mtu aliyeitumia dawa miaka mingi. Yote mawili yametokea, lakini ni nadra mno yakilinganishwa na nyonga na migongo inayookolewa. Tahadhari yake inajulikana: jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza, na maumivu mapya ya paja yasipuuzwe. Pia dawa hizi hazinywewi milele. Wengi huangaliwa upya baada ya miaka mitano ya vidonge au mitatu ya dripu, na baadhi huruhusiwa kupumzika kwa muda. Tofauti na hizo ni denosumabu, sindano ya kila miezi sita, ambayo mtu akiiacha ghafla bila ya kubadilishiwa dawa nyingine, mifupa hushuka kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja. Familia isiyo na uhakika wa kuipata kila baada ya miezi sita isikubali kuianza kabla ya kulizungumza hilo. Zipo na dawa zinazowaamsha wajenzi wenyewe, lakini bei yake ni kubwa na kwa wengi wetu bado ni habari ya kusikia.

Yupo mgonjwa mwingine ambaye hasemwi. Ni yule anayetumia vidonge vya prednisoloni kwa pumu, ngozi au viungo kwa miezi mitatu na zaidi. Dawa hiyo humla mtu mifupa hata akiwa na miaka 40. Asiiache ghafla, kwani kuiacha ghafla ni hatari, ila amwulize daktari wake kuhusu kinga ya mifupa. Sigara nayo inabomoa.

Limebaki suala la sala. Mzee ambaye pingili zake zimekwisha vunjika, kuinama sana kwa mbele kunaweza kumvunja nyingine, na wapo wazee wanaoona haya kuomba kiti msikitini, wakajilazimisha kurukuu na kusujudu kwa maumivu. Imran bin Huswayn (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala akiwa mgonjwa, na ruhusa aliyopewa ya kukaa, na ya kulala kwa ubavu kwa asiyeweza kukaa, ndiyo inayosomwa katika vitabu vyetu vyote vya fiqhi. Maimamu wa misikiti wasingojee mzee aombe. Viti vichache mwisho wa safu havimzuii mtu.

Nyumbani kwetu, lile eneo la kutawadhia tulilivunja baada ya arubaini ya mama. Fundi alilipiga saruji yenye mikwaruzo badala ya ile laini iliyokuwa ikiteleza, akachimbia bomba la chuma ukutani la kushika, na tukaweka taa inayowaka usiku kucha tangu mlango wa chumba mpaka choo. Ilikuwa ni kazi ya siku mbili.